Mwano wa Maji

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana usipousikia kwangu utausikia kwa fundi baiskeli pale njia panda, na yeye huutia chumvi. Ni mimi niliyependekeza kwamba maji yakijaa bondeni kwetu Itetemia, atakayeyaona wa kwanza apige mwano. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama, kalamu sikioni, mbele ya watu walioshiba sambusa, na nikapigiwa makofi.

Kwa asiye wa huku, mwano ni yowe. Siyo yowe la mtu aliyemwagikiwa na chai. Ni yowe la kuita, linatoka tumboni, linapokelewa na nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka mtaa mzima unalia. Ukisikia mwano ujue ng'ombe wameibwa, au fisi yuko zizini, au mwizi kaingia nyumba ya mtu. Unaacha ulichoshika. Kama unakula unaacha, kama unaoga utajifutia njiani. Unabeba fimbo, panga, upinde kama unao, unakimbilia sauti inakotoka. Usipokwenda, kesho yake utaitwa uulizwe ulikuwa wapi, na kusema ulikuwa umelala hakujawahi kumsaidia mtu.

Najua, kwa sababu mimi nilijaribu kusema hivyo. Miaka ya nyuma mwano ulipigwa nikiwa ndani namalizia suruali za sare za shule. Nikajiambia kwamba wezi wa ng'ombe hawana shida na fundi cherehani, nikaendelea kukanyaga cherehani yangu. Walinitoza jogoo. Jogoo mwenyewe nilikuwa nampenda, na walimla mbele yangu huku wakinisema. Kuanzia hapo nikaitwa Mwali, kwa kuwa mwali ndiye anayewekwa ndani asionekane.

Sikulikataa jina. Kazi yangu iko barazani, kitanda kiko nyuma ya baraza, chumvi na kiberiti viko dukani ng'ambo ya barabara. Mtu wa namna hii atoke aende wapi? Barabara yenyewe ndiyo ile ya misafara ya zamani. Watu walitoka pwani kwa miguu, mizigo kichwani, wakapita hapo mlangoni kwangu kwenda Ujiji, na mimi kufika Kanyenye tu kununua nyuzi naomba mtu anayekwenda aniletee.

Aliyekuwa akiniletea mara nyingi ni jirani yangu. Nyumba yake ilikuwa chini ya kwangu, pale mteremko unapoishia kwenye majaruba ya mpunga. Alikuwa mchukuzi wa mkaa kwa baiskeli, wale ambao magunia hupangwa nyuma yao mpaka ukiangalia kwa mbali unaona mkaa unajiendesha. Ni mkubwa kwangu, nilimwamkia kila asubuhi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba Mwali. Umeamkaje humo ndani?"

Mke wake alikuwa akilima mpunga, na asubuhi anapika vitumbua. Yeye na mimi tuliitana shemeji, na ushemeji wetu ulikuwa wa kuchokozana tangu jua linapotoka. Mtendaji wa kata alipokuja kunitaka niingie kwenye kamati ya maafa, alisema wanatafuta mtu aliyefika kidato cha nne na anayepatikana kwa urahisi. Shemeji alikuwa hapo barazani na beseni lake la vitumbua.

"Kupatikana?" akasema. "Huyu hata kifo kikimtaka hakitauliza njia."

Basi nikaingia kwenye kamati. Tukapelekwa semina mjini. Mwezeshaji alikuwa dada mmoja mchangamfu aliyetoka Dar es Salaam, akatubandikia makaratasi makubwa ukutani, akatufundisha kwamba maafa hayazuiliki lakini madhara yake yanapunguzika, ikiwa watu watapewa tahadhari mapema. Akauliza sisi tungepeana vipi tahadhari. Mmoja akataja simu. Lakini nusu ya mtaa simu zao ziko kwenye chaji dukani, na kundi la wasapu la kamati lilikuwa la maua na habari za asubuhi. Mwezeshaji akauliza: je, wazee wenu walikuwa na njia yao?

Hapo ndipo niliponyanyuka. Nikaueleza mwano vizuri, unavyopokelewa nyumba kwa nyumba, unavyofika mbali kuliko kengele yoyote. Sikueleza kwamba watu wanaukimbilia. Wanakamati wenzangu wote walikuwa wazaliwa wa huku, na hakuna aliyeona kilichokosekana, kwa sababu hakuna anayemweleza mwenziwe kwamba maji yanalowesha. Na mimi, mtu pekee mtaani aliyewahi kusikia mwano akabaki alipo, kichwani mwangu nilikuwa nawaona watu wote kama mimi: wanasikia, wanatulia, wanafikiri, wanapanda taratibu kuelekea barabarani. Mwezeshaji akafurahi mno. Akaandika kwa kalamu nyekundu, akasema hayo ndiyo maarifa ya asili. Nikapewa soda ya pili.

Tulipoupeleka mpango kwenye mkutano wa mtaa, aliyeuliza swali la maana alikuwa mmoja tu, mchukuzi wangu wa mkaa, naye aliuliza kwa mzaha.

"Mwano wa wezi tunakuja na fimbo," alisema. "Huo wa maji tuje na nini? Ndoo?"

"Njooni na taulo, kaka."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Na mimi nilicheka. Nilijiona mjuzi wa kujibu.

Kamati ilisimika nguzo pale korongo linapoingia bondeni, imepakwa rangi: nyeupe chini, njano katikati, nyekundu juu. Kila mvua ikinyesha nilitakiwa niende nikaangalie maji yamefika rangi gani. Nikawa nasoma nguzo hiyo bila kuondoka barazani, kwa kumuuliza shemeji akitoka majarubani. "Iko nyeupe," ananiambia, na mimi naripoti nyeupe.

Siku yenyewe mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha juu huko, mbali, tukaona weusi tu na kusikia ngurumo. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Shemeji alikuwa kwangu, anamenya viazi na mke wangu nyuma ya nyumba. Mume wake alikuwa bado hajarudi kutoka mjini. Watu wa bondeni, kwa sababu haikuwa siku ya kupalilia, wote walikuwa huku juu, gengeni, kwa kinyozi, kwenye mashine ya kusaga. Nikaona nimeshiba uvivu, ngoja kwa mara ya kwanza niende mwenyewe nikaitazame nguzo yangu. Nikachukua mwavuli, ingawa mvua haikuwapo.

Nilifika sikuona nguzo. Nilidhani nimepotea njia, mtu asiyetoka nje anaweza kudhani hivyo. Halafu nikaona kipande chekundu kidogo juu ya maji ya kahawia, kinatetemeka, kikazama. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye majaruba yote na yanatambaa kuelekea nyumba za ukingoni, kimya, kama mtu anayenyatia kuku.

Nikafanya tulivyoandika. Nikaweka mwavuli chini, nikapiga mwano.

Niseme ukweli, niliupiga vizuri. Kifua changu kilikuwa hakijatumika miaka mingi, sauti ilikuwa nzima. Nyumba ya kwanza ikaupokea, ya pili ikaupokea, nikausikia unapanda mteremko, unavuka barabara, unakwenda zake. Nikaona fahari. Nikasimama hapo kando ya maji nikingoja kusikia mtaa unatulia na watu wanakusanyika juu, kama mpango ulivyosema.

Wakaja. Waliteremka mbio, wanaume kwa wanawake, na fimbo, na mapanga, mzee mmoja na upinde, kinyozi na mkasi wake. Wa kwanza alinifikia akiwa hana pumzi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwizi."

"Siyo mwizi. Ni maji."

"Maji tunayaona," akasema. "Mwizi kaelekea wapi?"

Niliwaambia warudi juu. Niliwaambia ndiyo mpango, tuliusoma mkutanoni. Lakini mtu akishaitikia mwano harudi na mikono mitupu, atarudi kumwambia mkewe nini? Walipoona kweli hakuna mwizi, wakatafuta la kufanya, nalo lilikuwa mbele yao: nyumba za wenzao zinaingiwa na maji. Wakaingia. Wakaanza kutoa magodoro, sufuria, mbuzi.

Jirani yangu alikuwa barabarani juu, anarudi na baiskeli tupu, anaisukuma huku anapiga mluzi. Aliusikia mwano, akaitupa baiskeli, akashuka. Alipita karibu yangu akanitazama.

"Ni wewe, Mwali?" akauliza, na nadhani alitaka kucheka, kwa sababu hakuwahi kunisikia nikipaza sauti.

Nyumba yake ilikuwa ya ukingoni. Aliingia kulitoa gunia la mpunga wa mbegu wa mke wake. Ukuta wa tofali mbichi ukishakunywa maji hauanguki kwa kishindo. Unakaa chini, kama mtu aliyechoka. Ule wa mlangoni ulikaa juu yake.

Walimtoa hao hao niliowaita, kwa majembe na mikono, na kwa hilo wapo walioniambia kwamba mwano ulisaidia. Husaidia sana kuambiwa hivyo. Ila mimi nilikuwapo. Bondeni jioni ile hapakuwa na mtu hata mmoja. Wote walikuwa juu, mahali pakavu, kwenye shughuli zao. Niliyewateremsha ni mimi.

Mguu wake ulivunjika chini ya goti, ukaungwa, ukaungika kama ulivyotaka wenyewe, kwa upande. Akatoka hospitali na magongo. Baiskeli haikuguswa, fundi baiskeli aliiokota barabarani haina hata mkwaruzo.

Wao wawili wakaja kukaa kwangu. Niliwapa chumba cha cherehani, nami na cherehani yangu tukahamia barazani moja kwa moja. Kwa mtu anayependa nyumba yake kama mimi, hiyo ni adhabu iliyopimwa vizuri: nyumba ile ile, ila kila nikiinua macho kwenye kazi naona magongo yameegemezwa ukutani. Kaka hakunilaumu hata siku moja. Alinitania zaidi kuliko zamani. "Sasa humu Mwali si mmoja, tuko wawili," alisema. "Tutafute nyakanga atufunde." Mke wangu alicheka. Shemeji hakucheka.

Shemeji alitaka kitu kimoja, na hakukificha. Alisema kabla mvua nyingine hazijaanza anataka awe na mlango wake, aufunge mwenyewe kwa ndani. Kwa chakula cha kwetu hakumnyima mtu shukrani, lakini alikuwa anakula akiwa ameketi ukingoni mwa mkeka, kama mgeni anayengoja gari. Asubuhi aliamka kabla ya mke wangu ili awahi kufagia, na mke wangu naye akaanza kuamka mapema zaidi ili asifagiliwe uwanja wake. Watu wawili walioazimana kila kitu tangu zamani wakawa wanashindana ufagio, na hakuna aliyesema neno baya.

Msaada ulikuja. Sisemi haukuja. Yaliletwa mablanketi, kipindi ambacho Tabora hata shuka linakera. Walikuja watu wa kupima, wakafuatwa na watu wa kuhakiki waliopima, na kila kundi lilimtaka kaka asimame mbele ya kifusi apigwe picha, na magongo yaonekane. Ukuta mmoja wa nyuma ulikuwa umebaki umesimama. Wakaupaka alama ya X nyekundu, kwamba bonde ni eneo hatarishi, hakuna kujenga. Shemeji akaanza kuanikia nguo kwenye ukuta huo.

Baadaye likatangazwa eneo la kuhamia. Viwanja vipya, upande wa kwenda Isikizya, porini, vimepimwa kwa mistari iliyonyooka vizuri. Kisima hakuna, mashine hakuna, majaruba hakuna, wa kumuuzia kitumbua hakuna. Siku ya kutangaza alikuja mkubwa mmoja wa kutoka mbali, akahutubia hapo hapo barabarani. Akasema anafurahi kusimama kwenye njia ya kihistoria. Akasema Wanyamwezi ni watu wa misafara, wapagazi hodari waliotembea mpaka baharini na kurudi, kwa hiyo anaamini kuhama kidogo kama huku hakutawashinda. Watu walipiga makofi, kwa sababu jua lilikuwa kali na walitaka amalize.

Shemeji alikuwa amekaa karibu yangu.

"Hao wa misafara," akasema, bila kushusha sauti sana, "walikuwa na miguu miwili miwili."

Nikamwambia nitalisemea jambo lake kwenye kamati. Nililisemea. Nilisema mtu mwenye magongo hawezi kupelekwa mahali ambapo maji ya kunywa ni mwendo wa nusu asubuhi. Waliniitikia kwa kichwa. Wakasema hiyo ni changamoto. Nimejifunza kwenye kazi hii kwamba jambo likishaitwa changamoto limekwisha kufungwa, hulioni tena.

Kiangazi kikaingia, tukaitwa semina nyingine, mwezeshaji yule yule, sambusa zile zile. Akatuonyesha picha za kwetu kwenye kitambaa cheupe, akasema katika kata zote alizozungukia, ya kwetu ilikuwa ya mfano. Tahadhari ilitolewa mapema, na itikio la jamii lilikuwa la haraka mno. Watu wakageuka kunitazama wakitabasamu.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kwamba itikio lilikuwa la haraka kweli, ila lilielekea kwenye maji. Nikamwambia habari ya mguu. Alinisikiliza, sitamsingizia, uso wake ulibadilika. Nilidhani atalifuta lile neno la kata ya mfano. Kisha akachukua kalamu nyekundu akaandika karatasini kwamba njia za tahadhari ziboreshwe, tukaenda kunywa chai.

Uboreshaji ulifika kwenye boksi. Kilikuwa kipaza sauti cha kushika mkononi, chenye mkanda wa kuning'iniza begani na kitufe cha king'ora. Nikakabidhiwa mimi, kwa sababu ninapatikana.

Wakati huo shemeji alikuwa ameshaacha kuingoja kamati. Nilijua kwa matope ya kwenye kanga yake. Alikuwa anashuka bondeni kila alasiri, anafyatua tofali pale pale nyumba ilipokuwa, kwa udongo wa ukuta ule ule uliomwangukia mumewe. Majirani walikuwa wanamsaidia, leo huyu kesho yule, hakuna aliyetangaziwa. Kaka alikuwa anakaa kwenye kigoda anachanganya udongo kwa jembe lenye mpini mfupi, mguu umenyooshwa mbele yake kama kitu alichokiazima. Tofali zilianikwa, zikapangwa, ukuta ukaanza kupanda. Kabla ya ukuta wa pili kufika kiunoni, shemeji alikuwa ameshasimamisha fremu ya mlango. Ilisimama peke yake, unaweza kuizunguka pande zote, lakini yeye alipita katikati kila alipoingia.

Mtendaji akaniita. Akasema kuna watu wanajenga kwenye eneo lenye X, kamati imeaibika, niende nikawaambie waache. "Na kile kipaza sauti uende nacho," akasema, "watu waanze kukizoea."

Nikashuka nacho begani. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa korongo, bado membamba. Waliniona toka mbali, maana mimi kuonekana njiani ni habari.

"Mwali katoka tena," kaka akasema. "Leo tukimbilie wapi?"

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Shemeji alikuwa juu ya ngazi, anapanga tofali. Hakugeuka.

"Umetumwa," akasema.

"Nimetumwa."

"Basi sema. Mtu akitumwa neno asirudi nalo."

Nikasema. Nikasema hapa ni hatari, wanajua wenyewe, maji yatarudi. Nikasema viwanja vya kule bado vipo. Niliongea kama tulivyofundishwa, kwa upole, nikiwatazama usoni, ingawa yeye alikuwa amenipa mgongo. Nilipomaliza kaka akanisogezea tofali kwa gongo lake.

"Mpe shemeji yako hiyo," akasema. "Umesimama tu."

Nikampa. Nikampa na nyingine. Mikono yangu ni ya sindano, tofali zilinichubua, na walinicheka kidogo, wote wawili, mara ya kwanza nikimsikia shemeji akicheka tangu siku ile. Tukafanya kazi mpaka mawingu yakawa siyo membamba tena. Nilijua nitapanda juu nimwambie mtendaji kwamba ujumbe umefika, na haitakuwa uongo.

Kisha nikaona nimalize la pili nililotumwa. Nikakivua kipaza sauti begani, nikawaonyesha. Nikawaeleza kwamba mwano umefutwa kwenye mpango, mwaka huu ni hiki, kina king'ora, kinasikika mpaka Kanyenye upepo ukiwa mzuri. Nikiona maji nitabonyeza hapa, na wakisikia wapande juu, wasishuke. Kaka akakipokea, akakigeuza geuza, akabonyeza. King'ora kikalia. Huko juu, barabarani, nikaona watu wawili wameacha walichokuwa wanafanya, na mmoja ameanza kuteremka, anaokota fimbo njiani.

Kaka akakizima, akampungia mkono kwamba si kitu. Yule hakusimama, akaendelea kuja.

Shemeji alishuka kwenye ngazi, akajipangusa udongo viganjani, akasimama kwenye fremu ya mlango wake akinitazama.

"Mwaka huu ukiona maji, shemeji, nyamaza. Tukikusikia tutakuja."